Uzito wa Mtu Mmoja Chomboni

Watu wengi wanaosimama gatini kutazama mashindano ya mashua huamini kwamba mshindi huchaguliwa na upepo. Husema kuwa mwenye tanga kubwa na bahati ya upepo mwema ndiye atakayetangulia. Ndugu msomaji, walioketi ndani ya chombo hawasemi hivyo. Upepo huwavumia wote na huwageuka wote. Kinachotofautisha chombo na chombo ni watu waliomo: ni wangapi, wameketi wapi, na wako tayari kiasi gani kuhama pale hali ya hewa inapobadilika. Maneno haya tuliyasikia kwa wazee tangu utotoni, lakini tuliyafahamu barabara Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, tulipokuwa miongoni mwa mabaharia 12 wa mashua moja hapa Lamu, siku ambayo bahari ilitubadilishia sura mara nne kabla ya adhuhuri.

Mashindano ya mashua si jambo geni katika mji huu. Kila Mfunguo Sita, wageni wanapofurika kwa ajili ya Maulidi, huwapo mashindano ya mashua, ya kuogelea na ya punda, na mji mzima husimama pwani. Mbali na siku hizo kubwa, vijana wa mitaa hushindana wenyewe kwa wenyewe siku za mapumziko, bila ya zawadi ya kutajika. Yaliyotuhusu sisi yalikuwa ya namna hiyo. Mashua 9 zilijiandikisha, na njia ilikuwa kutoka mbele ya mji, kuteremka hadi boya lililotiwa nje ya Shela karibu na Ras Kitau, kurudi, kisha kuzunguka mara ya pili. Kutoka mjini hadi Shela ni kilomita 3 hivi, na mlango huo wa maji upo baina ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Ndani yake maji huwa matulivu kama ya birika. Ukifika Shela bahari kuu inakufungukia, na hapo ndipo mchezo unapokwisha kuwa mchezo.

Kwa wasomaji wetu wa bara, tueleze kidogo chombo chenyewe kilivyo. Mashua ya Lamu ina mlingoti mmoja ulioinamia mbele, na tanga moja la pembe lililofungwa kwenye foromali ndefu. Kwenye omo hutiwa macho mawili ya mbao yaliyopakwa rangi. Tanga ni kubwa mno ukililinganisha na chombo, hivyo upepo ukikaza chombo hulala ubavu. Ili kisilale, hutolewa ubao mrefu upande wa joshi, ukanyooka nje juu ya maji, na vijana wakaketi juu yake mithili ya ndege juu ya tawi. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu wa kilo 70 aliyeketi mita 3 kutoka katikati ya chombo hufanya kazi ya watu 3 wa uzito huo walioketi mita 1. Kwa hiyo kila hatua moja ya kusogea nje ina maana, na kila hatua moja ya kuchelewa kurudi ndani ina hatari, kwani upepo ukikatika ghafla ubao huzama pamoja na walio juu yake.

Nafasi zilizobaki nazo zina wenyewe. Yuko anayeshika demani, kamba inayoongoza tanga, naye huilegeza na kuikaza kwa amri. Wako wanaosimama kwenye jarari kwa ajili ya kutweka na kutua. Yuko wa omoni anayetazama maji na kutoa habari. Nahodha yuko tezini na usukani wake. Chini kabisa, miguu ndani ya ngama, yuko mfuaji maji. Sisi, ambao kazi yetu ya siku zote ni kuandika kumbukumbu za vikao vya kamati ya msikiti, tulikabidhiwa ndoo.

Nahodha wetu, mzee aliyekwishapita miaka sitini, alitukabidhi ndoo ile kwa tabasamu. "Chukua, Mwalimu," alisema. "Zamani chomboni mwalimu alikuwa mkubwa. Leo anza na ngama." Mzee huyo hakuwa akitania tu. Katika vyombo vya Bahari ya Hindi vya zama zilizopita, mwalimu ndiye aliyekuwa mjuzi wa nyota na njia, na nahodha ndiye aliyekuwa na mamlaka ya chombo na mali iliyomo. Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa karne ya 15, alikuwa mwalimu wa namna hiyo, na aliandika kwa Kiarabu juu ya njia, nyota na pepo za bahari hii yetu. Neno tunaloliita leo kwa mtu wa ubao na chaki liliwahi kuwa na maji ya chumvi ndani yake.

Kabla ya siku yenyewe, kulikuwa na jambo lililofikishwa mbele ya kamati. Kijana mmoja wa miaka 17, hodari wa kuogelea na mwepesi wa mwili, alikuwa amechaguliwa kukaa mwisho wa ubao katika mashua yetu. Baba yake alikuwa mvuvi, alitoka msimu wa kusi miaka kadhaa iliyopita wala hakurudi. Mama yake alikuja baada ya sala ya Alasiri, akaketi ukumbini pamoja na dada yake, na sisi sote tulidhani amekuja kumkataza mwanawe.

"Masheikh zangu," alisema, "sikuja kumkataza. Bahari ni kazi ya baba yake na ya babu yake, na nikimkataza leo atakwenda kesho kwa kujificha. Nina suali moja tu. Baba yake alipopotea, siku mbili nzima watu walikuwa wakibishana kama alikuwamo chomboni ama alibaki kisiwani. Mwanangu akianguka, nani atajua kuwa hayumo?"

Hakuna aliyekuwa na jibu tayari. Wakati ule mashindano yale hayakuwa na orodha ya watu, yalikuwa na orodha ya mashua tu. Mtu alipanda chombo asubuhi, mwingine akateremka, wa tatu akaruka ndani chombo kikiondoka, na hapakuwa na aliyeandika. Kamati ilikaa usiku huo, ikaafikiana na waandaaji kwamba hakuna mashua itakayoondoka kabla ya majina ya waliomo kuandikwa, na kwamba kila atakayekaa ubaoni avae jaketi ya kujiokolea. Majina yaliandikwa kwa nakala tatu: moja ikae na waamuzi gatini, moja iwe katika boti ya mashine itakayofuatana na mashua, na moja tuifunge sisi wenyewe ndani ya mfuko wa plastiki na kuitia kiunoni. Baadhi ya vijana walicheka, wakauliza kama bahari nayo itaitiwa mahudhurio.

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya Alfajiri, mjadala ulikuwa mmoja tu: twende wangapi? Huu ndio uamuzi mgumu kuliko yote katika mashindano ya tanga, kwani hufanywa ufukweni, kabla upepo haujajulikana, na hauwezi kubadilishwa baharini. Ukichukua watu wachache na upepo ukakaza, hutakuwa na uzito wa kukiweka chombo wima, na itakubidi upunguze tanga huku wengine wanakupita. Ukichukua wengi na upepo ukalegea, umebeba mzigo usio na faida. Mashua nyingine zilichukua watu 8 au 9. Vijana wetu walitaka tuwe 9. Nahodha alisikiliza kila mmoja hadi akamaliza, akatazama upande wa bahari kuu, ambako mawingu yalikuwa yamesimama kama ukuta mweusi mdogo, akauliza mwezi ni wa ngapi. Tulikuwa tarehe 5. Hiyo ilikuwa na maana kwamba maji yangeanza kupwa mnamo saa 2 na yangeendelea kutoka hadi saa 8 mchana. Maji yanayotoka yakikutana na kusi linaloingia pale Shela, mawimbi husimama mafupi na makali. "Kumi na wawili," alisema. Mjadala ukaisha. Tulisoma dua, majina yakaandikwa, jarari ikavutwa.

Saa 3 tuliondoka, na kwa muda wa nusu saa tulikuwa wa mwisho. Upepo ulikuwa wa umande, unatoka nchi kavu kwa uvivu, na mashua zenye watu 8 zilitupita moja baada ya moja huku wenyewe wakitupungia mikono. Nahodha alitukataza kusimama, kusema kwa sauti wala kujitikisa. Watu sita aliwalaza chini upande wa pili ili tanga lipate kujaa kwa uzito wake lenyewe. Ni jambo gumu kwa kijana mwenye nguvu kuambiwa kwamba msaada wake kwa sasa ni kulala kimya. Tuliwaona wakiuma midomo.

Tulipokaribia Shela, umande ulikatika na kusi likaingia. Halikuja kwa haraka. Kwanza maji yalibadilika rangi, kisha wa omoni akapaza sauti, kisha demani ikakazana kama ugwe wa upinde. Ubao ulitolewa, watano wakatambaa juu yake, yule kijana akiwa wa mwisho. Ghafla mzigo wetu ukawa mali. Zile mashua nyepesi zililala ubavu, zikawa zinalegeza demani kila mara ili zisipinduke, na sisi tulipanda bisho tukiwa wima, tukizipita mbili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Watu walikuwa walewale 12 waliodharauliwa nusu saa iliyopita. Kilichobadilika ni upepo, na mahali walipoketi.

Tulizunguka boya, tukarudi mjini kwa upepo wa nyuma, tukateremka tena. Mara hii ya pili ule ukuta mweusi ulikuwa umekwisha kuwa juu yetu. Wanaoijua miezi hii wanajua kwamba mvua za mchoo si ndefu, lakini wingu moja laweza kubeba pepo za mara mbili ya zile za kawaida, na upande wake huyumba. Nahodha hakungoja limfikie. Tukiwa wa tatu, na wa pili yu karibu kiasi cha kusikilizana, aliamuru ubao uingizwe, demani ilegezwe na foromali iteremshwe nusu. Kijana mmoja alipiga kelele kwamba tunawaachia ushindi. Nahodha hakumjibu. Kazi ilifanywa, na kabla hatujafunga jarari mvua ilitufunika. Kwa dakika kumi hivi hatukuona Manda wala Shela. Maji yaliingia kwa juu na kwa pembeni, na sisi wa ndoo tulifua bila kuinua kichwa.

Ilipopungua, mashua iliyokuwa mbele yetu ilikuwa imepinduka. Haikuwa imetua tanga. Mkuku wake ulikuwa juu na watu wameung'ang'ania, huku tanga limetandaa juu ya maji kama shuka. Boti ya mashine ilikuwa njiani inakuja. Kijana wetu wa mwisho wa ubao alikwishavuka ukingo kwa mguu mmoja ili aruke, na nahodha akamshika kwa neno moja: "Kaa!" Kisha akasema kwa upole, "Ukiruka, mwanangu, nitakuwa na wawili wa kutafuta. Nipe hesabu."

Hapo tulifungua mfuko. Karatasi ilikuwa na unyevu lakini ilisomeka. Mashua ile ilikuwa na majina 9. Tulisoma jina moja moja kwa sauti kubwa, na kila aliyekuwa juu ya mkuku akaitika. Waliitika wanane. Jina la nane kwenye orodha halikuitikiwa, tukalirudia, na wenzake wakatazamana, kwani kila mmoja alidhani yuko upande wa pili wa chombo. Wale wa boti ya mashine, waliokuwa na nakala yao, walikwisha kulisikia. Wawili waliingia chini ya tanga wakiwa wamefungwa kamba viunoni. Hatuwezi kusema ilichukua muda gani. Walimtoa akiwa ameshikwa na kamba za tanga mguuni, uso ukiwa wa kijivu, akatapika maji, akakohoa, kisha akalia. Hatujawahi kusikia kilio kilichotufurahisha kama kile.

Huyo wa nane hakuwa wa ubaoni, wala hakuwa mshika demani. Alikuwa mfuaji maji, mwenye ndoo, kama sisi.

Nahodha alingoja mpaka wote 9 wawe ndani ya boti ndipo akaturuhusu kutweka tena. Tulizunguka boya, na mara tu baada ya hapo upepo ukafa kabisa. Mvua ikija na nguvu zote, aghalabu huondoka na upepo wake. Tanga lilining'inia kama nguo iliyoanikwa. Maji yalikuwa bado yakitoka, na mashua zote zilizokuwa zikielekea mjini zilianza kurudishwa nyuma, kuelekea bahari kuu. Vijana walianza kupiga kasia kwa mikono. Nahodha aliwazuia, akaamuru nanga itiwe bila ya kishindo. Tukakaa. Tulisimama pale pale karibu saa nzima, na katika kusimama huko mashua mbili zilizokuwa mbele yetu zilipita ubavuni mwetu zikirudi nyuma, wenyewe wakitutazama kwa mshangao. Upepo ulipoamka tena, mwepesi, kutoka baharini, nanga iling'olewa na tukafika mjini wa pili. Washindi walikuwa vijana wa mashua ya watu 9 waliokuwa wametangulia sana kabla ya shwari, nao walistahili.

Siku ya pili, baada ya Isha, kamati ilikaa tena. Walikuwapo waliosema mashindano yasimamishwe kwa vijana wote walio chini ya miaka 20. Walikuwapo waliosema hayo yaliyotokea ni ya bahari, na bahari haina kikao. Baada ya mashauriano marefu iliamuliwa kwamba mashindano yaendelee, orodha ya majina iwe sharti la kudumu, na jaketi zivaliwe na kila mtu chomboni badala ya walio ubaoni peke yao. Uamuzi huo wa mwisho ulipita kwa kura moja, kwa sababu ya gharama, na fedha zake zinaendelea kuchangwa hadi leo. Tulipompelekea habari mama wa yule kijana, hatukupata shukrani tuliyoitarajia. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akauliza, "Na yule mtoto aliyetolewa majini, mama yake alikwenda kuambiwa na nani?" Tulimjibu kuwa imamu mwenyewe alikwenda. Akaitikia kwa kichwa na kuinuka.

Tumelifikiri sana neno "uzito" tangu siku ile. Katika lugha yetu mtu mzito ni mtu wa heshima, na mzigo mzito ni adha, na zote mbili ni sifa ya kitu kilekile. Chombo cha tanga kinafundisha kwamba uzito wa mtu haubadiliki, hubadilika manufaa yake kwa kadiri ya mahali alipo na upepo uliopo. Katika jumuiya zetu wako wazee waliokaa mwisho wa ubao miaka ya taabu, wakauzuia msikiti usilale ubavu. Upepo ulipotulia wakaambiwa wamekuwa mzigo. Si kweli. Hawajaambiwa kwa adabu, na kwa wakati, wasogee wapi. Wako pia vijana ambao kila siku tunawaambia walale kimya, na kusi likiingia tunashangaa kuwa hawajui njia ya kwenda ubaoni. Nahodha wetu aliwahamisha watu 12 zaidi ya mara ishirini asubuhi ile, wala hakumtukana yeyote, na hakuna aliyehisi amevuliwa cheo.

Kwa wazazi ambao watoto wao wanatamani tanga, tunatoa ushauri mfupi. Msiwakataze bila ya kuuliza, wala msiwaruhusu bila ya kuuliza. Nendeni kwa nahodha mumuulize mambo matatu: mtoto wangu atakaa wapi, akiamriwa kuhama atahamia wapi, na jina lake limeandikwa kwa nani ufukweni. Nahodha anayejibu yote matatu bila ya kusita ni wa kuaminiwa, hata kama hajawahi kushinda. Anayecheka suali la tatu, mshukuruni kwa muda wake na mrudi nyumbani na mtoto wenu.

Orodha ya Jumamosi ile tunayo bado katika jalada la kamati. Wino umechujuka pembeni kwa maji ya chumvi, lakini majina yote yanasomeka.